Sponji ya Pikipiki Ndani ya Noah ya Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Husna alikuwa na kazi moja ambayo wenzake wa mtaani pale Same waliiona si ya msichana. Akishafagia uwanja na kuosha vyombo, alichukua ndoo na kitambaa akalifuta gari la mama yake. Vumbi la Same si la mchezo. Upepo hulizoa tambarare huko na kulimwaga juu ya kila kitu, na gari lililofutwa jioni, asubuhi utadhani limenyunyiziwa unga.

Gari lenyewe lilikuwa Noah nyeupe. Mama yake Husna, Saada, ambaye watu wote walimwita Mama Iddi kwa jina la mwanawe wa kwanza, aliipata kwa jasho la kuuza mchele wa Kihurio sokoni. Ilibeba abiria kutoka mjini hadi vijiji vya mlimani, mwisho wake Mhezi. Dereva alikuwa Sefania, mtu wa hukohuko Mhezi, mpole, mwenye kuendesha taratibu mpaka vijana wa stendi wakawa wanamtania kwamba abiria wake hufika wakiwa wamezeeka. Sefania hakuwahi kukasirika. Aliwajibu kwamba wanafika.

Husna alikuwa na miaka kumi na mitatu na alikuwa mbishi. Ukimwambia kitu hakiwezekani, hapo ndipo umemwamsha. Walimu walilijua hilo, na mama yake alilijua zaidi, kwa sababu ndiye aliyekuwa akikosa usingizi. Mtoto huyu alipanda juu ya paa kurekebisha dishi la televisheni wakati ameambiwa asubiri watu wazima. Alirudi chini salama, akauliza kwa nini walikuwa wanapiga kelele.

Kaka yake, Iddi, alikuwa amemaliza kidato cha nne, akaendesha bodaboda, na sasa alikuwa na leseni mpya ya gari. Kila siku alimwomba mama yake ampe Noah aendeshe. Kila siku mama alimjibu kwamba mlima hauendeshwi na mtu anayetazama simu.

Kwenye simu hiyo ndiko yalikotoka mambo yote. Iddi alikuwa akitazama video za vijana wa mbali wanaobadilisha njia ya hewa ya injini ili gari livute kwa nguvu na kunguruma. Akamwonyesha Husna. Akamwambia Noah yao imebanwa, inapumua kwa pua moja, na wakiifungulia hewa itapanda mlima kama inateremka. Husna akamkumbusha kwamba mama amekataza mtu yeyote kugusa injini isipokuwa fundi Athumani.

Iddi akacheka. "Kumbe na wewe ni wale wa kusubiri ruhusa."

Neno hilo lilimwingia Husna kama mwiba. Alikwenda mwenyewe kuchukua bisibisi.

Ilikuwa Ijumaa baada ya shule, mama yuko sokoni na Sefania amepumzika. Wakafungua kasha la plastiki inamokaa filta, chujio la hewa ya injini. Iddi akalitoboa matundu upande wa chini kwa drili ya kuazima. Wakatoa ile filta ya karatasi, wakaweka mahali pake sponji ya pikipiki. Waendesha bodaboda wa Same wana kawaida yao: sponji hiyo huilowesha kwa oili ili ishike vumbi, na pikipiki zao hazidhuriki. Iddi alifanya hivyo miaka yote. Hakujiuliza kama gari nalo linataka hivyo. Husna ndiye aliyemimina oili na kukanda ile sponji kwa mikono yake, na Iddi alikuwa akimhimiza aongeze, vumbi la Same halitaki mkono mwepesi. Akaongeza hadi ikawa inatiririka.

Walipowasha, gari likatoa mngurumo mzito uliomfanya paka wa jirani akimbie. Wakacheka hadi wakashika mbavu.

Kesho yake asubuhi Sefania aliwasha gari, akainamisha kichwa kusikiliza, akamuuliza Iddi kama kuna kitu kimeguswa. Iddi akasema wamesafisha filta tu. Husna alikuwa amesimama palepale na kitambaa chake. Hakusema kitu. Lilikuwa jambo dogo kunyamaza, na alikuwa na safari mbele yake, kwa maana siku hiyo ya Jumamosi alipewa ruhusa kwenda Mhezi na Sefania kuchukua ndizi za mama.

Barabara ya tambarare ilikwenda vizuri. Abiria walikuwa wachache, pamoja na bibi mmoja wa Mhezi aitwaye Victoria, aliyempakata Husna nusu na kapu lake nusu, akimsimulia habari za ng'ombe wake aliyegoma kukamuliwa. Walipoanza kupanda, taa ya njano ya onyo ikawaka mbele ya dereva. Mngurumo ukageuka kikohozi. Sefania akakanyaga mafuta, gari likazidi kulegea, kama mtu anayepanda ngazi huku amezibwa mdomo. Kwenye kona kali, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili bonde, injini ikazimika kabisa.

Gari likaanza kurudi nyuma.

Injini ikizimika, breki za gari huwa ngumu kama jiwe. Sefania alizikanyaga kwa miguu yote miwili, akavuta breki ya mkono, akakata usukani ili nyuma ya gari iegemee ukutani. Bati lilisugua mwamba kwa sauti ambayo Husna aliisikia hadi mifupani. Gari likasimama. Bibi Victoria alikuwa amemshika Husna mkono kwa nguvu hadi kucha zimeacha alama.

Sefania akawaambia wateremke mmoja mmoja kwa mlango wa upande wa ukuta, wasisukumane. Wakaweka mawe nyuma ya magurudumu.

Abiria walimalizia safari kwa miguu, mizigo yao ikabaki ndani. Injini ilipokubali kuwaka tena, Sefania akaligeuza gari polepole akateremka nalo pamoja na Husna. Walipofika tambarare, gari likakimbia likiwa zima kabisa, kana kwamba kule juu hakukutokea kitu.

Nyumbani, Sefania alipokuwa ndani akimweleza mama, Iddi alifungua kasha haraka, akachomoa sponji, akarudisha filta ya karatasi. Kwa hiyo fundi Athumani alipofika na kile kikompyuta chake cha kupimia magari, alifungua kasha juu, akaona filta safi, akafunga. Kabla ya hapo alikuwa ameuliza swali ambalo fundi yeyote mwenye akili huanza nalo: kuna kitu kimebadilishwa kwenye gari hili? Iddi ndiye aliyejibu. Alisema hakuna, Husna akiwa palepale.

Kikompyuta kilionyesha kwamba injini inakosa petroli ya kutosha. Fundi akapima pampu, ikawa nzima. Akakuna kichwa, akasema kama pampu ni nzima, basi huenda petroli yenyewe ina walakini.

Watu walikuwa wameshajaa uwanjani, maana habari za gari kurudi nyuma zilishafika stendi. Mmoja wao alikuwa Amiri, mpiga debe, mtu asiyeweza kukaa na neno tumboni. Akasema kwa sauti ya kusikika kwamba madereva wengine hunyonya petroli ya bosi wakauza, wakajazia mafuta ya taa. Hakumtaja mtu. Hakuhitaji, kwa sababu anayejaza mafuta kwenye Noah ni mmoja tu.

Macho yote yakamgeukia Sefania. Mama Iddi alikuwa bado anafikiria lile bonde, na mtu aliyeogopa sana hutafuta haraka wa kumlaumu.

"Baba Irene," alisema, akimwita Sefania kwa jina la mwanawe, "nipe ufunguo wangu."

Sefania akautafuta mfukoni. Akautoa, akauweka kiganjani mwa mama bila kuutupa. "Mama Iddi, mafuta yako sijauza hata kikombe. Sina la kuongeza." Akaondoka kwa mwendo wake uleule wa taratibu, na watu wakampisha njia kama anavyopishwa mgonjwa wa kuambukiza.

Husna alifungua mdomo. Iddi akamvuta hadi nyuma ya tangi la maji, akamwambia akisema wamekwisha wote wawili. Sponji imeshatoka, gari limepona, na sasa mama hana dereva mwingine ila yeye Iddi. Sefania atapata kazi kwingine. Husna akajiambia labda ni kweli. Lakini chakula cha jioni alikiacha sahanini.

Jumapili asubuhi alitoka na ndoo yake kama kawaida. Tangi la gari lilikuwa limemwagwa na kujazwa petroli mpya. Mama alikuwa ndani akijiandaa, kwani aliamua kupeleka mwenyewe mizigo ya abiria na kuwaomba radhi. Angekaa mbele. Iddi angeendesha.

Husna akafunua boneti. Sefania alikuwa akimwonyesha vitu mara nyingi, na kimoja alikikumbuka vizuri. Kwenye bomba linalotoka kwenye kasha la filta kwenda kwenye injini kuna kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita sensa ya hewa. Ndani yake mna waya mwembamba kama unywele, unaopashwa moto na umeme. Hewa ikipita huupoza. Kompyuta ya gari hutazama waya umepoa kiasi gani, hapo hujua hewa iliyoingia ni nyingi au kidogo, na hutoa petroli kulingana na hiyo hewa.

Akalegeza bomba, akapitisha kidole ndani. Kilitoka cheusi, kinang'aa oili. Iliyopakwa na yeye mwenyewe. Injini ilikuwa imeinyonya kutoka kwenye sponji na kuipeleka mbele, na pale kwenye waya wa sensa palikuwa pamejikusanya utando wa oili na vumbi, kama masizi kwenye utambi.

Husna alielewa papo hapo. Waya uliovaa koti la oili haupoi inavyotakiwa. Hewa ikiingia nyingi, kama wakati wa kupanda mlima, wenyewe unasema ni kidogo. Kompyuta inaamini, inatoa petroli kidogo. Tambarare gari halihitaji nguvu, kwa hiyo halionyeshi kitu. Mlimani linakabwa. Kuondoa sponji hakukuponya chochote. Petroli mpya haitaponya chochote. Na mama yake alikuwa anafunga mtandio ili aende akae kiti cha mbele.

Akaingia ndani, akauchukua ufunguo mezani, akatoka nao uwanjani, akasimama nao katikati ya mlango wa uzio.

Iddi ndiye aliyemwona kwanza. Akamwambia aache mchezo, abiria wanasubiri. Mama akatokea nyuma yake.

"Husna, lete ufunguo."

"Sitoi, mama."

Mama alisimama kama ambaye hakusikia vizuri. Husna alikuwa mbishi, lakini kumkatalia mama usoni hakuwahi.

"Unasemaje?"

"Nasema sitoi. Nipige ukitaka, nitaumeza huu ufunguo lakini hili gari halipandi mlima. Mjomba Sefania hakuuza petroli. Ni sisi. Mimi na kaka."

Iddi akacheka kicheko kikavu, akasema mtoto ameota, jana aliogopa na leo homa imempanda kichwani. Akamfuata anyang'anye. Husna akautia ufunguo ndani ya sidiria, akakunja mikono, akamtazama kaka yake bila kupepesa.

"Lipindue lile kasha, kaka, umwonyeshe mama matundu. Kama nimeota, basi hayatakuwepo."

Iddi hakusogea. Mama aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na mama yeyote anawajua watoto wake wanavyosimama wakiwa na hatia. Alimtuma mtoto wa jirani kwa fundi Athumani, kisha akakaa kwenye ngazi ya mlango na mtandio wake umemteleza begani, hajui.

Fundi alipofika, alilifungua kasha lote, akaona matundu yale. Alimgeukia Iddi, akamwambia kwamba jana alimuuliza swali moja tu. Kwa jibu lile amemfanya apime pampu nzima, alaumu petroli nzima, na amtie doa mtu mzima.

Husna akanyoosha kidole akitaka kuufuta ule waya kwa kitambaa. Fundi akamshika mkono. Waya ule ukiguswa unakatika, akamwambia, na hapa hatufuti kitu kabla hatujathibitisha, jana tumeshalaumu bila kuthibitisha, inatosha. Akalipeleka gari peke yake kwenye kilima kidogo nyuma ya nyumba za mtaa ule, wengine wakifuata kwa miguu. Mara ya kwanza lilipanda hadi katikati, likakohoa, likagoma. Akalirudisha chini, akachomoa plagi ya sensa, akapanda tena. Gari likapanda mpaka juu, si kwa nguvu zake zote, lakini bila kukohoa.

Mama Iddi hakuelewa. Iweje kifaa kikitolewa gari linakwenda vizuri kuliko kikiwepo?

"Ukichomoa, kompyuta inajua haina habari, inakisia," fundi alisema. "Ukiacha, inaletewa habari ya uongo na inaiamini. Gari linaona afadhali kutojua kuliko kudanganywa."

Akaagiza dawa ya kupuliza ya kusafishia sensa kutoka duka la spea. Akaipuliza kwenye ule waya kwa mbali, akaacha ukauke wenyewe bila kuugusa. Bomba akalifuta likawa kavu, na lile kasha lenye matundu akalitupa, akafunga jingine alilolitoa kwenye gari bovu gereji kwake, kwa maana matundu yale yangezidi kuvuta hewa ya moto na vumbi. Gari likapanda kilima kama mbuzi. Taa ya njano ikazimika.

Gari lilipona. Sefania je?

Walimkuta kwenye chumba chake cha kupanga akifunga godoro kwa kamba. Alimkaribisha Mama Iddi kiti kwa heshima, akabaki amesimama. Mama akamweleza yote, akamwomba msamaha, akamnyooshea ufunguo. Sefania hakuupokea.

"Msamaha wako nimeupokea, Mama Iddi. Ufunguo hapana. Hapa chumbani tuko wenyewe. Jana niliambiwa mwizi mbele ya watu. Nikiendesha gari lako kesho, wale wa stendi watasema umenihurumia."

Mama alianza kusema kwamba watu watasahau. Husna akamkatiza. Alisema watakwenda stendi sasa hivi, na atakayesema ni yeye.

Stendi ilikuwa imejaa. Husna alisimama karibu na mabasi, akitafuta pa kuanzia. Amiri akauliza kwa utani kama leo wanauza mtoto. Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomtia ubishi aliokuwa anautafuta.

"Kaka Amiri, cheka ukimaliza unisikilize," alisema. "Jana ulisema dereva ameuza petroli. Petroli ilikuwa nzima. Gari niliharibu mimi na kaka yangu, tuliloweka sponji ya pikipiki kwenye oili tukaiweka ndani, na tulimdanganya fundi. Mjomba Sefania ndiye aliyezuia watu wasiende bondeni. Mwizi hakuwepo. Waongo walikuwepo, ndio sisi."

Kicheko kilikatika. Iddi, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya mama, alisogea mbele taratibu. Alisema maneno machache na kwa sauti ya chini, lakini alisema: kwamba yeye ndiye aliyetoboa kasha, na yeye ndiye aliyemwambia fundi hakuna kilichobadilishwa. Amiri alijikuna shingo. Mwishowe akamwendea Sefania, akampa mkono, akasema mdomo wake huu siku moja utamfikisha mahakamani. Sefania akamjibu kwamba afadhali ufike polepole, kama abiria wake.

Hapo ndipo alipoupokea ufunguo.

Mchana ule walipanda Mhezi kupeleka mizigo. Iddi hakuwamo. Mama alimwacha kwa fundi Athumani kuosha spea zenye grisi, na alikuwa amemwambia ataosha mpaka ajifunze kuuliza kabla ya kutoboa. Walipofika kwenye ile kona, alama ya bati jeupe ilikuwa bado kwenye mwamba. Mama akamwomba Sefania asimame kidogo. Gari likasimama imara, injini inanong'ona. Mama akateremka, akausogelea ukingo, akatazama bonde kwa mara ya kwanza. Aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Husna alingoja kugombezwa kwa kumkatalia mama yake ufunguo. Hakugombezwa kwa hilo.

"Leo asubuhi ulinibishia, na mimi niko hai," mama alisema. "Sitakulaumu kwa ubishi wa leo. Lakini mwanangu, ubishi ule ulikuwa nao tangu jana. Jana fundi aliuliza, ukakaa kimya. Jana kaka yako alikuvuta nyuma ya tangi, ukamfuata. Mimi uliweza kunikatalia, yeye ulishindwa. Ungesema jana, gari lingepona jana, na baba Irene asingelala usiku mzima akiwa mwizi. Gari tumelisafisha kwa dawa ya kupuliza. Ule usiku wake hakuna dawa ya kuusafisha."

Husna akamtazama Sefania kwenye kioo. Sefania hakusema kwamba si neno, wala hakusema amesahau. Alitia gia, akaangalia barabara, akapanda.